Baba ana saratani ya titi, majibu yamesema "homoni chanya"

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Ujiji, Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ni fundi wa mitumbwi pale Kibirizi. Alipata uvimbe chini ya chuchu ya kushoto, hauumi, tukadhani ni jipu. Mwisho tukampeleka Mwanza, titi likaondolewa lote, akawekewa dripu za saratani mara sita, sasa yuko kwenye vidonge vya tamoksifeni. Karatasi inasema: uvimbe sentimita 3, daraja la 2, tezi 2 kati ya 11 za kwapani zina saratani, ER chanya asilimia 90, PR chanya asilimia 40, HER2 1+. Mtaani waliposikia 'pozitivu' wakaeneza kwamba mzee ana UKIMWI. Shangazi naye anasema homoni za kike zimemjaa. Baba ameacha vidonge, hii ni wiki ya tatu. Anasema usiku joto linampanda, na duka la dawa walimwambia hivyo ni vidonge vya wanawake. Naomba kujua: majibu haya ni mazuri au mabaya? Atapona? Na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 29, naye yuko hatarini?"

Marahaba mwanangu. Poleni sana, wewe na mzee. Kabla hujaendelea kusoma, naomba ufanye jambo moja: mpigie daktari aliyemwandikia baba vidonge, umwambie ameviacha wiki ya tatu sasa. Ikiwa hana dalili za damu kuganda (nitazitaja mbele), nategemea atamwambia arudie kidonge chake kimoja kwa siku, bila kufidia vile alivyoviruka. Tamoksifeni hutoka mwilini polepole, kwa hiyo wiki tatu zinarekebishika. Miezi sita ingekuwa habari nyingine. Haya, piga simu kwanza, halafu urudi tuzungumze.

Nianze na neno lililowatia unyonge mtaani. "Pozitivu" ya karatasi ile haihusiani hata kidogo na virusi vya UKIMWI. Maana yake ni kwamba kitu kilichotafutwa kimeonekana, basi. Kwenye kipimo cha VVU inatafutwa alama ya virusi. Kwenye nyama ya baba kilitafutwa kipokezi cha homoni, kitu ambacho hata wewe unacho mwilini ukiwa mzima wa afya. Nimewahi kuona mzee akikatiza matibabu kwa ajili ya neno hili moja, na mke wake akarudi kwao. Ukiweza, mkalishe shangazi pamoja na jirani mmoja anayesikilizwa mtaani, uwasomee aya hii kama ilivyo.

Sasa kipimo chenyewe. Nyama iliyotolewa kwa baba iliwekwa kwenye fomalini isioze, ikaondolewa maji, ikagandishwa ndani ya nta, kisha ikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Kipande kimoja kikabandikwa kwenye kioo, kikamwagiwa kimiminika kinachong'ang'ania kipokezi cha estrojeni peke yake, halafu ikatiwa rangi. Ukiweka jicho kwenye hadubini, seli isiyo na kipokezi unaiona ina kiini cha bluu iliyofifia. Yenye kipokezi, kiini chake kimekuwa cha kahawia, mfano wa punje ya kahawa ya Kalinzi iliyoanza kukaangwa. Mtaalamu anakaa pale anahesabu. Asilimia 90 ya baba maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za saratani, 90 zilikuwa na kiini cha kahawia. ER ni kipokezi cha estrojeni, PR ni cha projesteroni. Hata seli 1 kati ya 100 ikiwa ya kahawia majibu huitwa chanya, ingawa ER ikiwa kati ya 1 na 10 tunaiita chanya hafifu na hatuiamini sana. HER2 ni kipokezi cha aina nyingine kinachopewa alama kuanzia 0 hadi 3+. Hiyo 1+ ya baba inahesabiwa hasi, na hapo hamna la kuwasumbua.

Kipokezi kinafanya kazi gani? Wewe ni mtu wa ziwani, fikiria gati. Chombo kinakuja na shehena, kinafunga kamba gatini, kinashusha mzigo, na mji unapata chakula. Estrojeni ndiyo chombo, kipokezi ndiyo gati, na seli ya saratani ndiyo mji unaoneemeka kwa shehena ile. Seli 90 kati ya 100 za uvimbe wa baba zilikuwa na gati. Tamoksifeni haizuii vyombo kuondoka vilikotoka. Inachofanya ni kuwahi gati na kufunga kamba pale ikiwa tupu, haishushi kitu, na chombo chenye shehena kinabaki kinaelea nje bila mahali pa kutia nanga. Ndiyo maana kidonge ni cha kila siku. Kidogo kidogo vyombo vitupu vinang'oa nanga na kwenda zao, na asipoongeza vingine, gati linakuwa wazi.

Shangazi amesema homoni za kike zimemjaa baba. Mwambie kwa heshima kwamba kila mwanamume ana estrojeni. Mwili wake huitengeneza kutokana na homoni ya kiume yenyewe, hasa kwenye mafuta ya mwili, na kiasi fulani kwenye korodani. Mifupa yake inaihitaji. Tena kwa kawaida mwanamume wa miaka 63 ana estrojeni nyingi kuliko mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kwa hiyo ikija hesabu ya estrojeni, huenda kaka yake anamzidi yeye mwenyewe, na hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Karatasi ya baba haijapima kiasi cha homoni kwenye damu. Imepima magati kwenye seli za uvimbe. Baba hajageuka wala hatageuka kuwa kitu kingine.

Umeuliza kama majibu ni mazuri au mabaya. Ni mazuri, ila nataka uelewe uzuri wake uko wapi, maana hapo ndipo familia nyingi zinapojikwaa.

Kwa wanawake, kipimo hiki huwagawa wagonjwa makundi mawili yenye njia tofauti za matibabu, na wasio na vipokezi si wachache. Kwa wanaume mgawanyo huo karibu haupo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2018 ulichambua wanaume 1,483 waliougua kati ya 1990 na 2010, na nyama zao zikapimwa upya kwenye maabara kuu. Kati ya kila 100, wenye kipokezi cha estrojeni walikuwa 99. Wenye cha projesteroni walikuwa 82, na wenye HER2 chanya walikuwa 9 tu. Sasa fikiri, mwanangu: ikiwa karibu kila mwanamume mwenye ugonjwa huu ana ER chanya, basi ER chanya peke yake haiwezi kueleza kwa nini huyu amefikisha miaka kumi na mitano akiwa mzima na yule amefariki ndani ya mitatu. Wote walikuwa na magati. Ni kweli kwamba ndani ya utafiti ule waliokuwa na vipokezi kwa wingi, ER na PR, waliishi muda mrefu kuliko waliokuwa navyo vichache, na baba yumo upande wa wengi kwa ER yake ya 90. Lakini faida kubwa ya chanya ni kwamba kuna dawa ya kuifanyia kazi, rahisi kumeza, na inamsaidia anayeimeza. Katika utafiti uleule, pamoja na kwamba karibu wote walikuwa na kipokezi, waliopata matibabu ya homoni baada ya upasuaji walikuwa 77 kati ya 100. Nafasi ilikuwapo mezani, wengine hawakupewa.

Hapa nisimame kidogo niseme na wengine wanaosoma, maana jambo hili linaweza kuokoa mtu. Kwa kuwa ER hasi kwa mwanamume ni nadra kiasi hicho, mwanamume akiletewa majibu ya ER hasi, swali la kwanza liwe: nyama ilitunzwaje? Vipokezi ni vitu laini. Nyama ikikaa juu ya meza saa nyingi kabla ya kutumbukizwa kwenye fomalini, au ikisokomezwa kwenye kichupa kidogo ambacho fomalini haiifuniki vizuri, au ikisafiri siku nyingi ikiwa katika hali hiyo, vipokezi vinaharibika na rangi ya kahawia haitokei. Kanuni ni kwamba nyama iingie fomalini ndani ya saa moja tangu ikatwe, na ikae humo kwa saa 6 hadi 72. Nakumbuka mzee mmoja wa Tabora, mfugaji wa nyuki, aliyekuja na majibu ya ER hasi na PR hasi. Mwanawe alikuwa amesafiri na sampuli kwenye basi, ndani ya chupa iliyokuwa na dawa ya koo, nyama imejaa mpaka shingoni. Tuliomba kipande kingine, safari hii kutoka kwenye tezi ya kwapa, kikahifadhiwa inavyotakiwa. Majibu yakarudi ER chanya asilimia 80. Alikuwa ameshaambiwa hakuna vidonge vitakavyomfaa. Kwa hiyo mwenye majibu hasi asivunjike moyo kabla ya kuomba kipimo kirudiwe. Ana haki ya kuomba, na vipande vya nta vilivyobaki hutunzwa maabara. Wapo wachache ambao kweli hawana vipokezi vyovyote, na kwao ugonjwa huwa mkali zaidi, matumaini yao yako kwenye dripu. Ila wawe wamethibitishwa.

Turudi kwa baba. Kinachoamua zaidi mwelekeo wa ugonjwa wake ni ulikuwa umefika wapi siku alipopasuliwa: ukubwa wa uvimbe, na hasa zile tezi za kwapani. Sentimita 3 na tezi 2 kati ya 11, ikiwa picha za kifua, ini na mifupa hazikuonyesha kitu, ni hatua ya pili. Haikuwa mapema sana, lakini si ile hatua ya kukata tamaa. Titi la mwanamume ni dogo, nyama yenyewe haba, kwa hiyo uvimbe hauna safari ndefu kufikia ngozi au msuli wa kifua. Wanaume wengi ninaowapokea kutoka vijijini huja chuchu imeshazama au kidonda kimeshafunguka. Ninyi mliwahi kuliko wengi, hata kama mlidhani ni jipu.

Nitakupa takwimu kwa sababu umeuliza swali la wazi, na naona unaweza kuzibeba. Watafiti wa Marekani waliangalia kumbukumbu za wanaume zaidi ya 2,800 wenye saratani ya titi iliyo na vipokezi vya homoni. Katika muda wa miaka 20, waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa takriban 12 kati ya kila 100 waliogunduliwa katika hatua ya kwanza, 26 katika ya pili, na 46 katika ya tatu. Kwa hatua ya baba, geuza hesabu: 74 kati ya 100 haikuwa saratani hii iliyowaondoa katika miaka hiyo yote. Hao ni watu wa Marekani, na hospitali zao na dawa zao, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama ahadi kwa mtu wa Ujiji. Ichukue kama kipimo cha nafasi iliyopo matibabu yakifuatwa. Na kuna jambo moja ndani ya takwimu hizo ambalo lazima mlijue: saratani yenye vipokezi haina haraka. Inaweza kunyamaza miaka saba, kumi, halafu ikarudi, mara nyingi kwenye mifupa. Ndiyo maana kliniki haiishi siku kidonda kinapopona. Baba akiwa na maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoondoka kwa kupumzika, yanayomwamsha usiku, au kikohozi kisichoisha, au akianza kukonda, asingoje tarehe yake ya kliniki.

Mwaka 2019 ulitoka uchunguzi mwingine wa Marekani, wa wagonjwa zaidi ya milioni 1.8, wanaume wakiwa 16,025. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 77.6 ya wanaume na asilimia 86.4 ya wanawake. Linashangaza, maana tumeona kwamba wanaume ndio wenye vipokezi vingi zaidi, na vipokezi tunasema ni habari njema. Walipotafuta sababu, asilimia 63 hivi ya tofauti hiyo ilielezwa na jinsi ugonjwa ulivyokuwa umefika pamoja na matibabu pungufu. Wanaume walichelewa, na wakatibiwa nusunusu. Sehemu iliyobaki haikuelezeka kwa takwimu zile. Hiyo asilimia 63 ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Maana matibabu nusunusu sura yake ndiyo hii ya baba: kikopo kiko juu ya kabati, hakiguswi. Uchunguzi mmoja uliofanyika China uliwafuatilia wanaume waliopewa tamoksifeni. Baada ya mwaka mmoja waliokuwa bado wanameza walikuwa 65 kati ya 100. Baada ya miaka mitano walibaki 18. Walioacha ndio waliorudiwa na ugonjwa zaidi. Kwa hiyo baba hayuko peke yake, wala simlaumu. Lakini miligramu 20 kwa siku kwa miaka mitano ndiyo dozi, na kwa mtu ambaye tezi zake zilikuwa na ugonjwa, mkifika mwaka wa tano mtajadiliana na daktari kama aongeze mitano mingine.

Yule wa duka la dawa alisema kweli nusu. Wanaomeza tamoksifeni wengi ni wanawake kwa sababu wanaougua saratani ya matiti wengi ni wanawake. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii mwanamume huwa kama mmoja. Ila kwa upande huu, dawa ya kwanza kwa mwanamume ni hiyohiyo. Umweleze baba historia hii, anaweza kuipenda kwa vile ni fundi. Mwaka 1942, kule New York, madaktari Joseph Farrow na Frank Adair waliandika habari za mwanamume ambaye saratani ya titi ilikuwa imeingia mifupani. Walimtoa korodani, na mifupa ikaanza kupona. Kwa miaka mingi baada ya hapo hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya homoni kwa wanaume: kisu. Tamoksifeni ilipoingia kwenye matibabu miaka ya 1970, wanaume walianza kuepushwa na kisu kile. Kidonge ambacho baba anakionea aibu ndicho kilichochukua nafasi ya upasuaji ambao hakuna mwanamume angeupenda.

Kuna dawa nyingine za homoni, kama anastrozoli na letrozoli, na ninajua mtu atakuja kuwaambia "hizi ndizo mpya, kali zaidi". Kwa mwanamume zisitumike peke yake. Zikizuia estrojeni kutengenezwa, ubongo hushtuka na kuziamrisha korodani zifanye kazi zaidi, na mlango uliofungwa mbele unafunguliwa nyuma. Zikihitajika, kwa mfano kwa mtu aliyewahi kuganda damu, huambatanishwa na sindano ya kuzituliza korodani. Kwa baba, tamoksifeni ndiyo yake.

Sasa hilo joto. Ni la kweli, hajifanyi. Ni lilelile ambalo shangazi yako pengine alilipata hedhi ilipokoma, na mara nyingi hupungua baada ya miezi michache. Jaribuni kuhamishia kidonge asubuhi. Apunguze chai ya moto na pilipili jioni, alale na shuka jepesi la pamba, awe na kitambaa chenye maji karibu. Likimzidi, arudi kwa daktari, zipo dawa za kulituliza. Ila dawa za msongo wa mawazo kama fluoksetini na paroksetini, ambazo wakati mwingine hutolewa kwa ajili ya joto hilo, asitumie, kwa sababu zinalizuia ini kuipa tamoksifeni nguvu yake. Vilevile rifampisini ya kifua kikuu inaimaliza tamoksifeni mwilini karibu yote. Popote atakapotibiwa, hata kama ni kwa malaria tu pale zahanati, aseme kwanza: "Niko kwenye tamoksifeni."

Jambo ambalo baba hatakuambia wewe binti yake ni la chumbani. Tamoksifeni inaweza kumpunguzia hamu. Nadhani nusu ya wanaume wanaosema wameacha kwa ajili ya joto, wameacha kwa ajili ya hili. Mtafute baba mdogo, au fundi mwenzake anayemheshimu, naye azungumze naye wakiwa wawili. Na amwonye: zile dawa za nguvu za kiume zinazouzwa stendi na mitandaoni, asiziguse. Baadhi zina homoni ya kiume ndani yake, na nimeshakueleza mwili unaigeuza homoni hiyo kuwa nini. Daktari wake anaweza kumsaidia kwa njia salama, akimwambia tu.

Dalili za damu kuganda nilizoahidi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye nyama ya nyuma ya mguu, au kifua kubana ghafla na pumzi kukata. Hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, Maweni iko karibu nanyi. Tamoksifeni huongeza hatari hii kidogo, na kukaa muda mrefu huiongeza zaidi. Mnaposafiri kwenda kliniki Mwanza, basi likisimama Kibondo, likisimama Nyakanazi, baba ashuke atembee, hata kama abiria wengine wamelala. Anywe maji.

Hukutaja mionzi, na hilo limenisumbua. Kwa mwanamume aliyekutwa na saratani kwenye tezi 2, mionzi ya ukuta wa kifua na kwapa ni jambo la kujadiliwa. Huenda walijadili wakaona haihitajiki, huenda ilisahaulika katika safari za huku na huku. Muulize daktari kwa maneno haya: "Baba anahitaji mionzi au hahitaji, na kwa nini?" Hospitali ya Bugando kule Mwanza wanayo, na Ocean Road ya Dar es Salaam pia. Na kwa kuwa tezi 11 zilitolewa upande wa kushoto, mkono huo unaweza kuvimba. Asiache kazi, msuli unaofanya kazi unasaidia maji kurudi. Ila randa na shoka avianze taratibu, avae glavu, na kila mchomo wa mbao kwenye mkono huo usafishwe siku hiyohiyo. Ukiona mkono umekuwa mwekundu na una joto, ni hospitali. Kama ni mtu aliyeshinda majini maisha yake yote, mwombe daktari amtazame na ini pia, kwa kuwa kichocho cha tumbo kipo ziwani kwetu na kinaacha makovu kwenye ini. Ini ndilo linalosafisha estrojeni, na ndilo linaloifanyia kazi tamoksifeni.

Nimalizie kwa mdogo wako. Mwanamume yeyote mwenye saratani ya titi anastahili kuulizwa habari za ukoo na, inapowezekana, kupimwa jeni, hasa ile iitwayo BRCA2. Katika tafiti nyingi hukutwa na hitilafu ya kurithi takriban mmoja kati ya wanaume kumi wenye ugonjwa huu. Baba akiwa hana, hofu ya mdogo wako inapungua sana, ingawa hatari yake huenda ikazidi kidogo ya vijana wenzake. Baba akiwa nayo, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Mwanamume aliyeirithi BRCA2 yenye hitilafu, nafasi yake ya kupata saratani ya titi kabla ya miaka 80 ni kama 7 kati ya 100, na ya tezi dume nayo hupanda. Kwa hiyo mdogo wako ajifunze kujipapasa chini ya chuchu mara moja kwa mwezi akiwa anaoga, na uvimbe wowote mgumu usiouma asiuite jipu.

Lakini mwanangu, umemuulizia mdogo wako na hukujiulizia mwenyewe. Mwanamke aliyeirithi jeni hiyohiyo, nafasi yake kabla ya miaka 80 ni karibu 70 kati ya 100. Watu wetu hudhani saratani ya titi inatoka kwa mama tu. Inatoka kwa baba vilevile. Hatujui kama baba anayo, na yaelekea hana, lakini wewe usisubiri. Nenda Maweni mwezi huu, ukaonwe matiti, useme kwamba unataka ushauri kuhusu kipimo cha jeni cha baba na utaratibu wako wa kuchunguzwa kila mwaka. Beba nakala ya karatasi ya baba, hiyo yenye ER 90, maana ukisema kwa mdomo tu kwamba mzazi wako ana saratani ya titi, mwandishi wa faili ataandika "mama".